Kumbukumbu ya Mkumbushaji

Hakuna watu wanaojua kulia kama waigizaji, na hakuna watu ambao machozi yao hukauka upesi kama wao. Mjane aliliona hilo siku ya mazishi ya mumewe, pale walipozimia kaburini kwa zamu, kila mmoja akingoja mwenzake azinduke kwanza ili wasigawane watazamaji.

Leo walikuwa wamekusanyika tena, mchana wa Jumamosi, kwenye ukumbi wao wa maonyesho. Walikuwa wanawakumbuka wenzao waliofariki mwaka huo: mtangazaji mmoja wa televisheni, mpiga picha wa filamu, bibi aliyeigiza mama mkwe mbaya mpaka watu wakawa wanamtukana sokoni, na mume wa mjane huyu. Mjane alikaa safu ya pili. Kando yake alikaa binti yake wa kidato cha tatu, aliyeletwa kwa kuburutwa.

"Mama, tutakaa mpaka mwisho?"

"Mpaka baba yako atajwe."

"Atajwe kama nani? Mvuta pazia?"

Hilo ndilo lililomleta mama.

Mumewe hakuwa mvuta pazia. Alikuwa mkumbushaji. Maisha yake yote ya kazi alikalia kigoda nyuma ya pazia la kushoto, andiko la mchezo magotini, na mwigizaji aliposahau maneno yake, yeye alimnong'oneza. Na katika kikundi kile walisahau wote. Lakini jambo hilo lilifichwa kama ugonjwa wa aibu, maana mwigizaji kukiri kwamba anakumbushwa ni sawa na bwana harusi kukiri kwamba suti ameazima. Mtu akiuliza yule bwana mkimya anafanya nini pale, aliambiwa, "Anasaidia saidia, mapazia na nini." Naye marehemu, kwa kuwa aliahidi kunyamaza, alinyamaza hata kwa mtoto wake. Shuleni binti akaandika kwamba baba yake ni mvuta pazia, darasa zima likacheka.

Baada ya mazishi, mama alimweleza ukweli. Binti alimtazama kwa huruma iliyouma kuliko tusi. "Unamsifu tu, Mama, kwa kuwa amekufa."

Basi ilibidi maneno hayo yatoke vinywani mwa waigizaji wenyewe. Asubuhi ya Jumamosi hiyo mjane alikuwa amemfuata mwenyekiti wa kikundi ofisini kwake, chumba kilichojaa mawigi na picha za mwenyekiti.

"Nina ombi moja tu. Mkimtaja, itajeni na kazi yake. Mkumbushaji."

Mwenyekiti aliutazama mlango haraka, kana kwamba mgeni wake ameanza kuvua nguo. "Shemeji, taratibu. Hilo neno watu watalielewaje? Sisi tumemwandikia 'nguzo ya sanaa'."

"Hata choo kina nguzo. Mimi nataka kazi yake."

"Shemeji, mbona neno dogo unalifanya mlima?"

"Kama ni dogo, liseme."

Mwenyekiti alicheka kile kicheko chake cha kufunga mazungumzo. "Atakayemzungumzia ni Ngurumo mwenyewe. Unamjua Ngurumo. Atakuliza."

"Nimekuja kusikiliza. Kulia nilishalia kwangu."

Sasa walikuwa wanakumbukana, na kila aliyepanda jukwaani alimkumbuka marehemu kwa namna moja: alijikumbuka mwenyewe. Mtangazaji alizungumziwa na mtangazaji mwenzake. "Habari za msiba zilinikuta mimi nikiwa hewani," alisema, "na mnajua kipindi changu kinavyopendwa." Mpiga picha alizungumziwa na mwongozaji wa filamu. "Alijua kunipiga picha," alisema, akageuza shavu. "Hasa upande huu." Kwa yule bibi wa mama mkwe walipanda waigizaji wawili wa kike, wakashindana kulia. Mmoja alishinda kwa kupiga magoti. Mwenzake akabaki na machozi yake, kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

"Hao ndio waliozimia kaburini kwa Baba?" binti alinong'ona.

"Nyamaza. Zamu yake hiyo."

Ngurumo alipanda. Alikuwa pande la mtu, na sauti yake ilikuwa kama pipa tupu linaloporomoka ngazini. Kwenye mabango yote ya kikundi sura yake ndiyo iliyokuwa kubwa. Alisimama katikati ya jukwaa, akanyoosha mkono juu, akaacha kimya kikae.

"Ndugu zangu! Mtu huyu tunayemkumbuka leo! Marehemu huyu alikuwa..."

Kimya kikakaa tena. Hiki hakikuwa cha kupangwa.

"Alikuwa..."

Mkono ulibaki hewani. Midomo ilibaki wazi. Kisha shingo ya Ngurumo ikageuka polepole upande wa kushoto, sikio likaelekea kwenye pazia, kama lilivyoelekea miaka yote kila ulimi ulipomkwama. Akatulia hivyo, akingoja kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuangushwa.

Watazamaji walidhani ni uchungu. Mama mmoja nyuma alijifuta macho. Lakini waigizaji wa safu ya mbele waliijua shingo ile, wakaanza kutazama viatu vyao. Ngurumo alikuwa anamngoja marehemu amwambie marehemu alikuwa nani.

Kicheko kilimpanda mjane. Akasimama.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kazini kwa baba yako."

Aliingia mlango wa pembeni, akapita kwenye vumbi na mbao za mandhari, akafika nyuma ya pazia la kushoto. Kigoda kilikuwa palepale. Hakuna aliyejisumbua hata kukisogeza. Akakikalia. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kuwatamkia watu maneno wayarudie ndiyo kazi iliyokuwa ikimweka mjini. Tena mumewe alikuwa akimwambia: "Maneno yakiingia sikioni mwa Ngurumo hutokea mdomoni moja kwa moja. Kichwani hayapiti."

"Alikuwa mkumbushaji wetu," alinong'ona.

"Alikuwa mkumbushaji wetu!" Ngurumo alinguruma, uso uking'aa kama wa mgonjwa aliyepona.

Safu ya mbele, mwenyekiti alipaliwa na mate.

"Tuliposahau maneno, yeye alitunong'oneza."

"Tuliposahau maneno, yeye alitunong'oneza!"

"Na mimi sijawahi kumaliza onyesho hata moja bila yeye."

"Na mimi," Ngurumo alijipiga kifua, machozi yakaanza kumtiririka, maana alikuwa fundi wa hayo, "sijawahi kumaliza onyesho hata moja bila yeye!"

Ukumbi ulinong'ona. Mtu alicheka, mwingine akapiga makofi, kisha wote wakapiga. Mjane angeweza kuendelea. Alikuwa na gunia zima: siku Ngurumo alipoingia na maneno ya mchezo wa wiki iliyopita, siku alipomwita mkewe wa jukwaani "baba". Ulimi ulimwasha. Lakini hakuja kwa ajili ya Ngurumo. Akajiruhusu moja la mwisho.

"Nusu ya makofi yangu yalikuwa yake."

"Nusu ya makofi yangu," alisema Ngurumo, "yalikuwa yake!" Akafikiri kidogo. "Nusu ndogo."

Hayo mawili ndiyo maneno pekee aliyoyatoa kichwani mwake siku ile.

Mjane alipogeuka, alimkuta binti yake amesimama nyuma yake. Alikuwa anachungulia kwenye upenyo wa pazia. Kutoka pale hakukuonekana uso wa mtu yeyote wa jukwaani, migongo tu, na jasho lililolowesha shati la Ngurumo.

"Baba alikuwa anakaa hapa?"

"Hapohapo."

"Na wote wanasahau?"

"Wote. Hata yule aliyepiga magoti."

Binti alicheka, mkono mdomoni, na machozi yakamjaa huku akicheka.

Mwenyekiti alifika akihema. "Shemeji, umetuvua nguo mbele za watu!"

"Kwani mlikuwa mmevaa nini?"

Kabla hajajibu, Ngurumo aliingia akijifuta uso kwa taulo. "Mmesikia? Nilikuwa na hotuba, nikaiacha! Yametoka moyoni tu. Shemeji, umeridhika?"

"Nimeridhika, shemeji. Ila una moyo wenye sauti ya kike."

Ngurumo alilichukua hilo kama sifa, akaenda kupokea pongezi nyingine. Mwenyekiti alibaki, akizungushazungusha pete yake. Hasira ilikuwa imemshuka, haja ikapanda.

"Lakini shemeji, si umeona mwenyewe hali yetu. Ijumaa tuna mchezo mpya, na pale hatuna mtu. Na wewe ni mwalimu, unasoma vizuri..."

"Hamna mtu wa nini?" aliuliza binti.

"Wa kutusaidia saidia, mwanangu."

"Wa nini?"

Mwenyekiti alitazama huku na huku. "Mkumbushaji," alisema chini chini.

"Sijasikia."

"Mkumbushaji!" Sauti ilipenya pazia, na watu wawili watatu ukumbini wakageuka.

Binti aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea mzigo wake na kuukuta umetimia. Mama alichukua mkoba wake.

"Basi mtafuteni," alisema. "Na mkimpata, jina lake na kazi yake muandike kwenye bango, herufi kubwa kama za Ngurumo. La sivyo mniache na watoto wangu wa darasa la kwanza. Wale nikiwafundisha leo, kesho wanakumbuka."

Wakatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya watu.

"Mama," binti aliuliza barabarani, "na Ijumaa Ngurumo akisahau?"

"Atageuza shingo."

"Halafu?"

"Halafu atasimama hivyohivyo mpaka watu warudi makwao."