Mvua Chumbani kwa Sikudhani

Usiku wa jana niliota, tena sikuota upuuzi: niliingia mwili mzima ndani ya skripti ya mjukuu wangu Tunu.

Skripti ni zile karatasi wanazofuata watu wa filamu. Ya Tunu imerudishwa mara mbili hata haijasomwa, kisa mpangilio. Jana akaniwekea mapajani. "Babu, iangalie wewe. Usipoona la maana naitupa, na sitaandika tena." Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nimeshona nguo miaka arobaini. Kitu kilichokaa vibaya nakiona hata nikiwa nasinzia.

Basi naingia, ukurasa wa kwanza unaniamkia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unaumwa wapi?"

"Mbavuni. Tunu kaandika mpaka ukingoni, sipumui."

Natoa futi shingoni, napima, naacha vidole viwili kila upande kama upindo wa gauni. Ukurasa unapumua, unashukuru.

Mbele nakuta kitanda kinanyeshewa, na dari ipo. Naiuliza dari, vipi tena?

"Sijaambiwa hapa ni ndani au nje," inasema. "Kwa hiyo nakaa nusunusu."

Naandika kwa chaki juu ya mlango: NDANI. CHUMBANI. MCHANA. Mvua inakatika. Jua linaingia dirishani, linaomba radhi kwa kuchelewa.

Kitandani kakaa mama mmoja, Sikudhani, ndiye filamu inayomhusu. Anafungua mdomo, sauti haitoki. Jina lake limebanwa huko kwenye maelezo ya mapazia na sufuria. Nalibeba, zito kama gunia la mahindi, nalitua katikati ya ukurasa, peke yake, na maneno yake nayapanga chini.

"Afadhali!" anasema. "Babu, tangu Tunu aniandike namkumbuka marehemu mume wangu, na hakuna anayeona."

"Mwanangu, kukumbuka hakuonekani. Kamera si mganga. Una kitu chake?"

"Shati la kazi. Alikuwa na mashine ya kusaga, limejaa dizeli. Sijalifua."

"Basi acha kukumbuka. Linuse."

Analinusa. Na mimi machozi yananitoka, mimi ambaye hata msibani kazi yangu ni kupanga viti.

Nikaamka. Kumekucha, karatasi ziko kifuani, Tunu kasimama mlangoni.

"Haya babu, umeona nini?"

"Ukurasa wa tisa. Umeandika 'Sikudhani anakumbuka'. Futa."

"Nifute niweke nini?"

Nikampa ukurasa. Akakunja uso.

"Babu, mbona karatasi hii inanuka dizeli?"

Nyumbani kwetu hakuna chombo cha dizeli. Hata pikipiki hatuna.

"Nusa vizuri," nikamwambia.

Akanusa tena, taratibu, macho kayafumba. Kisha akakaa kitandani kwangu, akaniomba kalamu.