Kadi ya Kiyama

Mzee Kamusi, ndivyo majirani walivyombandika jina, alikuwa na mwamuzi mmoja tu wa maneno: mkewe, fundi cherehani. Kila maana aliyoiandika kwenye kadi za kamusi aliyokuwa akiitunga alimsomea kwanza. Akielewa, kadi inaingia kisandukuni. Akikunja uso, inachanwa. Wasomi wa chuoni walimcheka, lakini bibi yule hakudanganywa na neno lenye makeke. Waliongea maneno yote ya dunia, wawili wale, isipokuwa habari za mtoto wao aliyekufa.

Asubuhi hiyo walikuwa wamefikia maneno ya mwisho wa dunia. Ufunuo ulipita bila taabu: ni kufunua, kama sufuria inavyofunuliwa. Ahera, alimweleza, asili yake ni kinachokuja mwisho. Mkewe aliitikia huku anapinda ukosi. Likaja kiyama. Kwa Kiarabu, alisoma, shina lake ni kusimama: siku ambayo wafu watainuka na kusimama mbele ya Mola wao.

Cherehani ikanyamaza.

"Wote watasimama?"

"Wote."

"Na wetu? Si alikuwa hajajua kusimama?"

Mtoto alikwenda na homa akiwa na miezi tisa. Miaka thelathini na moja baba yake alijifungia kwenye kadi zake, akidhani kimya ni dawa. Dawa gani! Kidonda kilikuwa kibichi vilevile. Sasa aliitazama kadi, na usomi wote ukamwishia.

"Alisimama," alisema mwishowe. "Wiki ileile. Wewe ulikuwa umepeleka nguo za watu. Akashika ukingo wa kitanda, akasimama. Sikukwambia, nilitaka ujionee mwenyewe. Halafu homa ikaja. Baada ya hapo ningeanzia wapi?"

Alidhani amempa faraja. Mkewe alimwangalia kama mtu aliyeibiwa, machozi yakimtiririka wala hayafuti.

"Kumbe miaka yote hii, mume wangu, umekaa naye peke yako."

Alimwomba radhi. Haikutosha, na mwenyewe alijua haitoshi. Aliyemnyima mwenzake kitu kama hicho anakilipaje? Kisha mkewe akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Haya, nisimulie. Alishika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Akaanguka?"

"Hakuanguka. Alitazama mlangoni, akakungoja kidogo, ndipo akakaa."