Mshonaji wa Shuka na Lifti ya Hospitali

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi mshonaji wa hospitali alipokea shuka zilizochanika na kuzipanga mafungu matatu: za kutiwa kiraka, za kukunjwa pindo upya, na za kukatwa ziwe foronya. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Kwenye cherehani ya pili alikaa wifi yake, dada wa mumewe. Mume mwenyewe alikuwa amekufa mwezi uliopita, kwenye ngazi hizo hizo. Lifti ilikuwa mbovu, chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya tatu, na wanaume wanne waliombeba kwenye kiti walifika naye ghorofa ya pili tu.

Wiki ile ile ya mazishi mkurugenzi alimwagiza ashone pazia la kufunika mlango wa lifti, maana wageni walikuwa wanauliza maswali. Alishona. Jamani, tena alishona vizuri, kwa pindo la vidole vitatu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubisha. Alipomaliza aliona gauni lake limepanda juu ya magoti. Wifi akampima kwa tepu, akakuta ameongezeka inchi nne.

"Afadhali wewe," wifi alisema, akianza kufumua pindo la gauni. "Msiba wako umekwenda miguuni. Wangu umekwenda kiunoni, na huko hakuna pindo la kufumua."

Mshonaji akaandika barua kuomba lifti itengenezwe, asije mwingine akafia ngazini. Maisha yake yote hakuwahi kumwandikia mkubwa yeyote. Aliandika, akachana, akaandika tena. Akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa, basi. Akarefuka kiganja. Barua ya pili ikapotea. Kiganja na nusu. Ya tatu aliiandika kwa herufi kubwa, bila neno "samahani" hata mara moja, ikarudishwa kwa kukosa muhuri. Kila mara alirefuka kuliko mara iliyotangulia, magoti yakamuuma, akayapaka dawa ya kuchua, akaja kazini. Ilipokataliwa ya tisa chumba kilikuwa hakimtoshi tena, wakamhamishia uani. Fundi bomba alimwomba amwangalizie kama tangi la juu ya paa limejaa. Wauguzi walimuuliza kama mvua iko karibu ili waanue nguo.

Kilichomuuma hasa ni cherehani. Vidole vilikuwa vinene kuliko gurudumu lake, na sindano ikiangukia kiganjani haionekani. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshona. Siku cherehani ilipomshinda alilia, machozi yakalowesha shuka zilizoanikwa, ikabidi zisuuzwe upya. Wifi alizisuuza mwenyewe.

"Nitashona za wote wawili," alisema. "Wewe endelea na barua."

Barua ya kumi na nne hakuiandika. Alivuka ua, akasimama nje ya dirisha la mkurugenzi, ghorofa ya tatu ya jengo la utawala, wakatazamana uso kwa uso.

"Mume wangu alifia kwenye ngazi zako," alisema. "Tengeneza lifti."

Wifi yake, chini, aliacha kukunja shuka. "Rudia!" alipaza sauti. "Rudia na mimi nisikie vizuri!"

Akarudia. Mkurugenzi hakuwa mtu katili. Alivua miwani, akampa pole, akampa tena. Wakati huo aliletwa mwalimu mmoja aliyeshikwa na kidole tumbo, na ndugu zake wakasimama wakizitazama ngazi. Mshonaji akainama, akamnyanyua na machela yake, akampitisha kwenye dirisha la upasuaji. Mwalimu akapona.

Mpaka mwisho wa mwezi alikuwa amepandisha wagonjwa arobaini na mmoja, na hakuna aliyefia njiani. Hapo mkurugenzi ndiye aliyeandika barua. Alimpongeza mshonaji kwa moyo wake, akamjulisha kwamba lifti imefutwa kwenye orodha ya matengenezo, kwa kuwa tatizo limepata ufumbuzi. Mafundi walikuja Alhamisi, wakang'oa mota, wakaipeleka jengo la utawala, ambako nako kuna ngazi nyingi.

Mshonaji akarudi dirishani. "Na siku nikiumwa?"

Mkurugenzi alifungua ratiba, akapitisha kidole kwenye mistari yote.

"Umeandikwa kila siku," alisema kwa upole.

Jioni ile alirefuka futi sita kwa mpigo, kuliko siku zote. Dirisha la upasuaji sasa liko chini ya kifua chake, na kila mgonjwa anayempandisha inambidi ampigie magoti.

Wa kwanza siku iliyofuata alikuwa bibi mmoja mwenye nyonga iliyovunjika. Alipoinuliwa alishika kidole cha mshonaji kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mbona unatetemeka?"

"Ni magoti tu, mama. Fumba macho."

Akashusha goti la kushoto kwanza, kwa kuwa ndilo lenye nafuu, akamwingiza taratibu, miguu ikitangulia. Halafu akageuka kumchukua wa pili.