Kiti cha Mwenye Swali

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliweka sheria: anayeuliza swali zuri anakalia kiti changu, mimi nakaa kwenye dawati lake. "Kipya kinyemi," walimu wenzangu wakanicheka. Shauri yao! Darasa lilichangamka, isipokuwa binti wa dirishani tuliyemwita Kimya. Siku moja akaninong'oneza, "Kesho nitauliza, mwalimu."

Kesho yake hakuja. Homa, isiyo na haya hata kwa mtoto, ilimzidia, akafariki.

Baada ya mazishi mama yake akaja darasani. "Mwalimu, mwanangu aliniachia swali lake. Alitaka kujua, siku asipokuja, nani atakaa mahali pake?"

Nikamvutia mama kiti changu, nikaenda dirishani, nikakaa kwenye dawati la binti yake.