Swali la Tumbaku

Nimefundisha shule ya msingi huko Kilungu miaka thelathini na moja, na mtoto akinidanganya namjua kabla hajafunga mdomo. Haya basi, niulizeni mimi mwenyewe kwa nini nilimdanganya daktari, tena bila hata kumeza mate.

Ilikuwa 1989. Mama yangu Kalunde alikuwa na miaka sitini na minne, na chini hakuwa na jino hata moja. Kwake Kathonzweni alikuwa anaponda muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwenye bakuli kama wa mtoto, na wageni wakija anasema ameshashiba. Roho iliniuma. Nikampeleka Nairobi kwa daktari wa meno ya kupandikiza. Skurubu mbili zinaingizwa ndani ya taya, mfupa unazishika, halafu meno yanakaa juu yake. Mke wa mchungaji wetu alitusindikiza. Mimi nilikuwa nimechaguliwa juzi tu kuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na tulikuwa tumeapa kumaliza pombe na ugoro katika nyumba zetu.

Daktari akauliza kwa Kizungu kama mama anatumia tumbaku. Mama hajui Kizungu. Ile harufu mimi naijua kwenye leso yake tangu nikiwa mgongoni. Ugoro anaubwia, anauweka ndani ya mdomo wa chini, pale pale mbele. Nikamwambia daktari hapana, sisi tumeokoka. Mke wa mchungaji akaitikia kwa kichwa, daktari akaandika. Wanasema mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza taya la mama.

Miaka mitano ya kwanza ilikuwa raha, siwadanganyi. Mama alitafuna mahindi ya kuchoma sokoni akiwa amesimama, watu wanamwona, na anacheka bila kuziba mdomo. Kila mwaka tukirudi kwa daktari, swali ni lile, na jibu langu ni lile.

Mwaka wa sita ufizi ukavimba, ukaanza kutoa usaha. Daktari akasema pengine ni usafi. Mimi huyo, nikamgombeza mama yangu kama mtoto wa darasa la pili, kwamba hapigi mswaki, kwamba ananiaibisha. Alisugua mpaka mate yakawa damu. Na mimi najua, jamani! Daktari haulizi swali moja miaka yote hiyo bure. Nilinyamaza kwa sababu ya kiti cha kanisa.

Mwaka wa 1997 skurubu moja ikaanza kucheza. Daktari wetu alikuwa amestaafu, tukampata binti Mkamba, jina lake Muthoki. Aliangalia picha ya taya, akaona mfupa umeliwa. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia mama akamuuliza kwa Kikamba kama anatumia ugoro.

Mama akaniangalia. Mtu wa miaka sabini na miwili, na alikuwa ananiogopa mimi, mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Anabwia, daktari," nikasema. "Toka kabla sijazaliwa."

"Kumbe ulikuwa unajua, Mutindi?" mama akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Miaka minane najificha kwa zizi la mbuzi, ili wewe usiaibike mbele ya kanisa. Kumbe unajua."

Muthoki akamweleza pole pole kwamba ugoro ukikaa pale unaharibu ufizi, na mfupa unaachilia skurubu. Akasema mama alipaswa kuambiwa aache kabla hazijawekwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye magoti.

"Mimi nilidhani ni dhambi tu," akamwambia. "Dhambi nilikuwa natubu kila Jumapili. Hii ya mfupa ningeambiwa, ningeacha siku hiyo hiyo."

Nilitaka aniseme, hata anitukane. Aliniuliza tu kama nimekula.

Skurubu zilitolewa zote mbili. Muthoki alisema mfupa uliobaki hauwezi kushika nyingine. Nilijiuzulu ile kazi ya akina mama, lakini hilo halimsaidii mtu kutafuna. Mama amerudia uji na muthokoi wa kupondwa, na wageni wakija anasema ameshashiba.

Na ugoro ameacha. Aliacha siku ile ile alipoambiwa, na hajaugusa tena mpaka leo.