Matumbwitumbwi ya Darasa la Tatu

Haya, tegeni masikio niwategee. Nina nyumba yangu ina watoto hamsini na wawili. Mgeni akipiga hodi, wanabaki arobaini. Mgeni akiaga, kesho yake wamerudi hamsini na wawili vilevile. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyehama. Nyumba gani hiyo? Fikirini taratibu, sina haraka. Mkishindwa siwadai mji wala kijiji, jibu nawapa bure: ni darasa la tatu siku ya ukaguzi.

Na aliyewayeyusha hao kumi na wawili hakuwa mchawi. Alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye aproni ya buluu na ufagio, ambaye shule nzima ilimwita Mama Kengele. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa akifagia madarasa, akisugua vyoo, na kugonga kile kipande cha reli kilichoning'inia barazani, ambacho ndicho kilikuwa kengele yenyewe. Watoto aliowafuta kamasi walikuwa wameshaleta watoto wao. Mzazi mgeni akifika langoni hakuanzia ofisini, alianzia kwake.

"Mama, eti shule hii ni nzuri?"

"Hii? Hii ndiyo shule, mwanangu. Kwingine ni kuta tu."

Alikuwa akisema hivyo kwa moyo mweupe, mpaka siku ile Mwalimu Mkuu alipomwita.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mpole, mwembamba, na alikuwa na mazoea ya kufuta miwani kila alipokuwa na neno gumu kulitoa. Siku hiyo aliifuta mpaka Mama Kengele akahofu atavunja kioo.

"Mama Kengele, wazazi wanakuamini kuliko wanavyoniamini mimi."

"Mimi wananiona kila siku, Mwalimu. Wewe wanakuona kwenye kikao tu, tena umekunja uso."

Mwalimu Mkuu akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali, akamsogezea karatasi. Ilikuwa na majina kumi na moja kwa kalamu, mwandiko wa mwalimu wa darasa la tatu. "Kesho mkaguzi anakuja. Hawa wabaki nyumbani. Pita kwao, waambie tunasafisha tangi la maji."

"Tangi si nimelisafisha juzi tu?"

"Ni siku moja, Mama. Shule ni yetu sote."

Aliyapitia majina. Aliwajua wote, na alijua kinachowaunganisha: hawakujua kusoma. Mkaguzi huwainua watoto mmoja mmoja wasome kwa sauti, na daraja la shule hutoka vinywani mwao. Basi hakuuliza zaidi. Lile neno "yetu sote" lilikuwa limeshamwingia.

Alikwenda stoo kuweka ufagio, na huko akaisoma tena karatasi. Hapo ndipo alipogundua kwamba jina analolitafuta halimo.

Alikuwa na mjukuu darasani mle, msichana wa miaka tisa mwenye maneno mengi na pengo moja la mbele. Walimwita Kipipi kwa vile hakukosa pipi shavuni. Aliishi kwa bibi yake tangu mama yake apate kazi mbali. Kipipi alikuwa hodari wa hesabu, na ukimpa kitabu alikusomea ukurasa mzima bila kusita. Ila wiki mbili kabla ya hapo bibi yake alikuwa amekaa nyuma yake akichambua mchele, akanyoosha shingo aone. Kwenye kitabu paliandikwa: "Ng'ombe wa jirani amevunja ua." Kipipi akasoma: "Ng'ombe mkubwa mweusi anakula majani, na mkia anao." Mtoto alikuwa akisoma picha.

Mwalimu wa darasa la tatu bila shaka alilijua hilo. Alikuwa amemruka mtoto kwa kumstahi bibi. Mama Kengele alisimama pale stoo katikati ya maboksi ya chaki, akawaza mkaguzi atakavyomwinua Kipipi, na Kipipi atakavyosimulia picha mbele ya watu, na mkaguzi atakavyogeuka kuuliza, huyu mtoto wa nani? Palikuwa na penseli ya kuhesabia chaki imefungwa kwa uzi kwenye rafu. Akaivuta. Akaandika jina la kumi na mbili.

Kisha akatoka kwenda kugonga milango. Wote walimpokea kwa bashasha. Mama mmoja, mshonaji, hata hakuinua mguu kwenye cherehani. "Asante kwa taarifa, Mama Kengele. Bila wewe tungekuwa tunatembea gizani." Alijibu haya, usiku mwema, na jua lilikuwa bado juu.

Asubuhi Kipipi alikuwa ameshavaa sare.

"Vua, mke mwenzangu. Leo hakuna shule."

"Wewe unakwenda wapi sasa?"

"Kusafisha tangi."

"Peke yako?"

"Usinihoji kama polisi. Uji uko kwenye sufuria."

Akaenda. Saa moja na nusu akashika nondo, akagonga reli kama alivyoigonga kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini na mmoja. Mkono ulijua kazi yake, haukuomba ruhusa. Mlio wa kwanza ulipotoka ndipo alipokumbuka kwamba nyumba yake ni ya nne kutoka langoni. Nondo ikamganda mkononi. Lakini watoto walikuwa wanamwangalia, na Mwalimu Mkuu alikuwa anamwangalia, akagonga mpaka mwisho.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, miwani shingoni kwa kamba. Mama Kengele alitamani awe mkali, lakini hakuwa. Alisifu vyoo. Alikunja sketi akachuchumaa kuwasikiliza watoto wa la kwanza wakihesabu vizibo. Katika darasa la tatu aliwasimamisha watoto wanane, na wote wanane wakasoma kama maji ya bomba. Kisha akachukua daftari la mahudhurio.

"Kumi na wawili hawapo."

Mwalimu wa darasa la tatu, kijana aliyenyoosha shati lake vizuri mno siku hiyo, akatazama dirishani. Mwalimu Mkuu akashika miwani. "Matumbwitumbwi, mheshimiwa."

"Wote?"

"Yanaambukiza sana."

Mkaguzi akamgeukia Mama Kengele, aliyesimama mlangoni na ndoo. "Mama, wewe ni wa mtaa huu. Umeyaona hayo matumbwitumbwi?"

Angeweza kusema hajui. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akajishika mashavu kwa mikono miwili, akayavimbisha, akasema, "Weee! Wamevimba hivi, kama maboga!" Watoto arobaini wakaangua kicheko, mkaguzi naye akacheka, akaandika.

Aliporudi nyumbani alimkuta Kipipi amekaa kizingitini, na sare ameirudisha mwilini.

"Bibi, kama hakuna shule, ulikuwa unampigia nani kengele?"

Alipita ndani. Mtoto akamfuata mpaka jikoni, na swali lake mkononi kama bakuli tupu.

"Mwalimu alisema wengine wapumzike," bibi akasema mwishowe.

Kesho yake jioni Kipipi alikuwa amekwisha kufanya upelelezi wake. "Nimemuuliza mwalimu wetu wa darasa. Anasema mimi hakunitaja. Sasa nani alinitaja?"

"Kula, chakula kinapoa."

"Nakula. Nani alinitaja?"

Siku ya tatu aliuliza tena, siku ya nne pia. Halafu akaacha kuuliza, na hilo ndilo lililomnyima bibi raha zaidi. Mtoto aliyekuwa akisoma ukurasa mzima wa picha kwa madaha sasa alikiweka kitabu uvunguni mwa kitanda. Akitumwa kukileta alisema kimepotea.

Majibu yalitoka: daraja la kwanza. Walimu walikunywa soda barazani. Mwalimu Mkuu aliita fundi akaandika maneno hayo ukutani karibu na lango, herufi nyekundu ndefu kama mikono. Mama Kengele alipewa soda mbili, moja yake, moja ya mjukuu. Yake hakuifungua. Wazazi wageni waliongezeka. Waliosimama langoni kumuuliza kama shule ni nzuri, aliwaonyesha ukuta kwa kidole, akaendelea kufagia.

Wiki ya tatu likapita gari dogo mbele ya shule, limejaa masanduku, likaenda zake shule ya pili, ile ya ng'ambo ya barabara kuu. Ndani yake alikuwa mwalimu wa kusoma. Mwalimu huyo alikuwa akikaa na watoto watatu watatu, kadi za herufi mezani, mpaka kila mmoja aelewe. Shule ya Mama Kengele ilikuwa imemwomba kwa miaka miwili.

Mshonaji ndiye aliyeleta vita. Aliingia uani mwa shule na futi ya kupimia bado shingoni.

"Mama Kengele! Nimekwenda ofisi ya elimu kuuliza kwa nini mwalimu wa kusoma hakuletwa. Unajua nimejibiwa nini? Shule yenu haina mtoto asiyejua kusoma. Mkaguzi amewasikia. Haina hata mmoja! Na wangu yule ni nani, mbuzi?"

"Dada, punguza sauti."

"Nipunguze? Wewe ndiye uliyenigongea mlango. Tangi la maji! Nilikushukuru, Mama. Nilikushukuru kwa mdomo wangu huu."

Mshonaji hakumtukana. Alimtazama tu juu mpaka chini, kama anayepima nguo ya mtu aliyekonda ghafla, akaondoka.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameyasikia yote kupitia dirisha. "Sikujua, Mama Kengele," alisema, na miwani iko mezani. "Haki ya Mungu sikujua. Nilidhani tukipanda daraja ndiyo watatuongezea."

"Si uandike barua?"

"Niandike nini? Kwamba nilidanganya?" Akaivuta miwani mezani. "Orodha ya walimu wa nyongeza inafungwa Ijumaa. Ikifungwa, ni mpaka mwakani."

Mwakani Kipipi angekuwa darasa la nne, na huko hawafundishi tena herufi. Huko wanakupa kitabu wanakuambia jibu maswali. Mama Kengele aliokota ufagio, akafagia ua uliokwisha kufagiliwa.

Alhamisi, baada ya kengele ya mwisho, alivua aproni, akamshika Kipipi mkono.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa yule mgeni ambaye hukumwona."

Ofisi ya mkaguzi ilikuwa chumba chembamba, mafaili yamepanda mpaka dirishani. Mwenyewe aliwapa viti na maji, akamtania Kipipi kwa kumwuliza jina la pengo lake. Wema huo ulimchoma Mama Kengele kuliko ambavyo ukali ungemchoma. Akasema yote bila kukaa vizuri kitini: tangi, milango, matumbwitumbwi, mashavu aliyoyavimbisha. Kisha akatoa ile karatasi mfukoni, imeshalainika kama kitambaa.

Mkaguzi hakucheka safari hii. Alivaa miwani.

"Unajua nikiifungua upya ripoti hii, maandishi yale ya ukutani yatafutwa?"

"Najua."

"Na Mwalimu Mkuu atajua nani amekuja."

"Najua, Mama. Na nondo ya kengele watampa mwingine. Lakini mwalimu wa kusoma aje."

"Atakuja kama nitaweza kusimamia kila kilichomo humu. Nitaulizwa neno kwa neno." Mkaguzi akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akapitisha kidole jina moja moja, kidole kikasimama chini kabisa. "Kumi na moja ni kalamu, mwandiko wa mwalimu, nautambua. Hili la mwisho ni penseli. Mkono mwingine. Nani aliliongeza?"

Kipipi alikuwa akipuliza maji kwenye glasi. Akaacha. Herufi za jina lake mwenyewe ndizo pekee alizozijua bila picha, akainama juu ya meza akaziona.

"Hilo langu," akasema taratibu. "Hata mimi nimeuliza mpaka nimechoka."

Palikuwa na njia ya kukwepa. Mwalimu kijana hakuwapo, Mwalimu Mkuu hakuwapo, na penseli haina sauti. Mkaguzi alishika kalamu akisubiri. Mama Kengele hakumtazama mkaguzi. Alikigeuza kiti chake, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, magoti yake yakagusana na magoti ya mtoto.

"Ni mimi, Kipipi. Mwalimu alikuacha, bibi yako ndiye aliyekuandika. Niliogopa mgeni atauliza wewe ni mtoto wa nani, na watu wote wanisonte kidole mimi."