Mizani na Kiganja

Kila asubuhi katika nyumba ile, mizani ndiyo iliyokula kwanza. Mama Chiriku aliiweka juu ya meza ya jikoni, akaipangusa uso kwa pembe ya kitambaa, akasubiri itulie kwenye sifuri, ndipo akaanza: siagi, yai lililovurugwa, parachichi lililokatwa jembamba kama ukucha, mafuta yaliyomiminwa tone kwa tone. Kilichozidi alikipunguza kwa ncha ya kisu. Kilichopungua alikiongeza. Hakuna aliyemsemesha wakati huo.

Siku hiyo alikuwa ameinamia siagi aliposikia kijiko kikianguka sakafuni. Kijiko kuanguka si habari katika nyumba yenye mtoto. Lakini safari hii hakikufuatwa na kiganja kidogo kikipiga meza kukidai, na kimya kile ndicho kilichomgeuza.

Chiriku alikuwa amekaa kitini, macho yameelekea pembeni kama anayemtazama mtu asiyeonekana. Mkono wa kushoto ulitikisika, kisha bega, kisha mwili mzima. Mama alimnyanyua, akamlaza ubavu juu ya mkeka, akamfungua kifungo cha shingoni, akainua macho kutazama saa ya ukutani. Hakumshika kwa nguvu, wala hakumtia kitu kinywani. Alisubiri, kama alivyofundishwa kliniki, ingawa kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kazi zote alizowahi kufundishwa.

Bibi alitokea mlangoni, akapiga magoti upande wa pili. "Mke mwenzangu," alimnong'oneza mjukuu, "tupo hapa. Pita polepole, urudi."

Mtetemo ukapungua, ukaisha. Chiriku akashusha pumzi ndefu, akalala. Kifafa hakikuwa kimepiga hodi tangu kabla ya mvua, na Mama alikuwa ameanza, kwa siri hata kwake mwenyewe, kuamini kwamba kimesahau njia. Akamfunika mtoto. Kisha, bila kumtazama mama mkwe wake usoni, akauliza:

"Mama, umempa nini?"

Bibi alibaki amepiga magoti. "Sijampa kitu, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama akasema, "Sawa." Lakini kuna sawa inayofunga mlango, na ile ilikuwa ya namna hiyo.

Jina la Chiriku alipewa kwa haki. Alipokuwa mchanga alipayuka kutwa, akiwasimulia taa na mapazia habari zisizoeleweka na yeyote. Kisha kifafa kikaja, na maneno machache aliyokuwa nayo yakaondoka moja baada ya jingine, kama wageni wanaoaga kabla ya chai kuiva. Sasa alikuwa katika mwaka wake wa nne. Dawa zilijaribiwa, zikasaidia nusu njia. Ndipo kliniki ikapendekeza mlo: mafuta mengi, wanga kidogo mno, sukari isikaribie kabisa. Mlo huo ukatuliza kitu kichwani mwa mtoto. Alianza kutambaa. Alijifunza kusimama kwa kushika mbao za kitanda, akitetemeka magoti, na kila aliposimama alimtazama Bibi kwanza, kama msanii anayesubiri makofi.

Mama alikuwa fundi wa miwani. Kutwa aliinama dukani akisaga vioo, na alijua kwamba kosa jembamba kama unywele humfanya mtu aone ngazi mahali pasipo na ngazi. Kwa hiyo mlo wa vipimo haukumtisha, ulimfariji. Hatimaye alipewa jambo ambalo mikono yake iliweza kulishika.

Bibi alikuwa wa dini nyingine kabisa ya jikoni. Alipikia shule ya bweni hadi alipostaafu, na chumvi ya sufuria zile kubwa aliipima kwa kiganja. Mwanawe, baba wa Chiriku, alipohamishiwa kituo cha reli cha mbali, alikuja kumsaidia mkaza mwana kulea. Siku ya kwanza alipouona mlo wa mjukuu, alishika kiuno. "Mafuta yote hayo! Huyu mnamlisha au mnamlainisha kama mota?" Wote walicheka. Jioni ile ile alisema pia, kwa upole, kwamba tone la asali halijawahi kumuua mtu. Hapo Mama hakucheka, na neno hilo alilihifadhi.

Sasa alilitoa alikolihifadhi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea akiwa dukani, kioo kikilia chini ya jiwe la kusagia. Nani mwingine? Siku iliyofuata Chiriku alipatwa tena, mara hii kwa muda mfupi tu, akiwa mikononi mwa Bibi. Mama alisogeza tu mkebe wa sukari ya chai kutoka rafu ya chini hadi ya juu, taratibu, mbele ya macho ya Bibi, mwanamke mzima.

Tangu hapo Bibi hakuingia tena jikoni. Alinawa mikono hadharani kabla ya kumgusa mtoto, kisha akaacha kumpakata. Alikuwa na mchezo wake na Chiriku: hukificha kidole gumba ndani ya kitambaa cha kichwani, akapanua macho na kusema, "Hayupo!" Kisha kidole huchomoza ghafla, na mtoto hucheka hadi akaanguka kando. Mchezo ule ulikoma. Chiriku alitambaa hadi miguuni pa bibi yake, akavuta kitambaa, akasubiri. Bibi alimpapasa kichwa kwa mgongo wa mkono, kama anayegusa birika la moto, akatazama dirishani.

Usiku wa siku ya tatu, wakati wa kula, alisema, "Kesho nitarudi kwangu. Shamba langu la maharagwe litakuwa limegeuka msitu."

Mama aliujua uwongo ule. Maharagwe yalikwisha kuvunwa. "Sawa, Mama," akasema. "Nitakufungia chakula cha njiani."

"Usijisumbue kupima," Bibi akajibu, na ule mzaha ulianguka mezani bila mtu wa kuuokota.

Asubuhi simu ililia. Alikuwa mtaalamu wa lishe wa kliniki, mwanamke wa sauti ya taratibu, akijibu ujumbe ambao Mama alikuwa amemwachia. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Mtoto ameumwa siku hizi? Mafua, homa?"

"Kikohozi tu. Kimeshapungua."

"Ulimpa dawa gani?"

Mama alifungua kabati la bafuni. Chupa ilikuwa pale, na kikombe chake kidogo cha plastiki kikiwa kimeivaa kama kofia. Kwa kikombe hicho alipima dozi, usawa wa jicho, bila kuzidisha hata tone. Akaigeuza chupa. Yeye asomaye maandishi madogo kuliko watu wote wa mtaa ule alikuwa amesoma kiasi cha kumpa mtoto, akaishia hapo. Chini yake, katika orodha ya vitu vilivyomo, sukari ilikuwa ya kwanza.

"Ni ya maji," alisema polepole. "Tamu."

"Basi iache, nitakutajia isiyo na sukari. Lakini usijihukumu," yule mtaalamu akaongeza. "Kikohozi chenyewe nacho huweza kuamsha kifafa. Huenda hatutajua kwa hakika."

Mama alikaa ukingoni mwa bafu. Alikuwa amepima kila kitu kilichopita mezani, asikipime kilichopita mkononi mwake kwa jina la dawa. Kikulacho kilikuwa nguoni kweli, na nguo yenyewe ilikuwa yake.

Sebuleni, Bibi alikuwa amefunga mkoba. Alivaa kiatu kimoja, akatafuta cha pili. Akainama chini ya kiti. Akatazama nyuma ya mlango.

"Nimezeeka hadi viatu vinanikimbia," alinung'unika. "Mama Chiriku, hujaona kiatu changu?"

Mama alikuja na chupa mkononi. Alikuwa amepanga kusema, na maneno alikuwa nayo kamili. Kinywa kilipofunguka, kikasema: "Nje kuna mawingu. Ungengoja kidogo."

"Mawingu hayo ni ya jana," Bibi akajibu bila kuinua kichwa.

Ndipo wakamwona Chiriku. Alikuwa amesimama kando ya meza ndogo, ameishika kwa mkono mmoja, mmoja tu, magoti yakimtetemeka. Nyuma yake, nusu ndani ya pazia, kisigino cha kiatu kilikuwa kikichungulia. Mtoto alimtazama bibi yake. Akapanua macho. Akainua kiganja kitupu.

"Ayupo," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, yenye kutu, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa siku nyingi. Chiriku alingoja kidogo, na alipoona watu wazima hawa wawili hawajui mchezo, akakaa chini puu, akalivuta pazia, akakichomoza kiatu kwa mikono miwili, akacheka peke yake.

Bibi alijibwaga sakafuni, mguu mmoja umevaa, mmoja mtupu. "Mwizi wewe!" alisema, machozi yakimteremka ndani ya kicheko. "Mke mwenza mwizi!" Mikono yake ilinyooka, kisha ikasita hewani, ikarudi mapajani. Akamtazama mkaza mwana wake, kama mgeni anayeomba ruhusa.

Mikono ile iliyorudi ndiyo iliyomshinda Mama. Alipiga magoti, akaiweka chupa sakafuni kati yao.

"Mimi ndiye niliyempa, Mama. Sukari ilikuwa humu, nami nikakutazama wewe." Akaisukuma chupa kando. "Mshike. Na usiende. Sitaki uende. Naogopa kumlea peke yangu."